Sindano ya Rafiki wa Siri

Sindano tuliiacha hewani wiki nzima, na nyie wasomaji mkaniletea barua za lawama utadhani mimi ndiye niliyeishika. Haya. Mkono wa Daktari Ocampo umechoka, na mimi nimechoka kusutwa sokoni. Tuendelee.

Derly Bejarano, tarumbeta ya kwanza ya Las Chontas, bendi ya wanawake pekee hapa Cali, amelala kwenye kiti cha kliniki mtaa wa Tequendama. Taa ya duara iko usoni. Ganzi imeshadungwa kwenye ufizi, juu na chini. Ncha ya sindano imebakiza unene wa ukucha ifike mdomo wa juu, na mlangoni kuna sauti inapiga kelele:

"Daktari, usimguse huyo!"

Nusu yenu mliandika kwamba ni mchumba wake. Mchumba gani? Tulimfukuza sehemu ya nne, na hakuna aliyemlilia. Wengine mkasema ni polisi. Polisi wa midomo?

Aliyeingia ni Yulieth Larrahondo.

Ndiyo, Yulieth, tarumbeta ya pili. Helmeti mkononi, jasho shingoni, anahema. Yule yule ambaye Derly amemshuku wiki nzima kwamba ndiye aliyemletea balaa hili.

Kwa wale waliokuja leo na hawajui balaa lenyewe, nitalisema mara moja tu. Kila Septemba, sherehe ya upendo na urafiki ikikaribia, bendi nzima inaokota vikaratasi kwenye kofia. Ukiokota jina la mtu, wewe ni rafiki yake wa siri. Unamwachia peremende mahali asipokuona, kisha unampa zawadi ya maana, na hujitaji mpaka Ijumaa ya sherehe. Derly alikuta peremende za nazi kwenye kasha la tarumbeta lake siku tatu mfululizo. Siku ya nne akakuta bahasha. Ndani mna vocha ya kujazwa midomo, imeshalipiwa, mwisho wa kutumika leo Jumanne.

Na kwa nini aliikubali? Kwa sababu hoteli moja ya Panama inataka wanamuziki wanane kwa mwaka mzima, na katika hao wanane tarumbeta ni moja tu. Moja! Na Doña Miryam, meneja wa bendi, alisema mbele ya watu wote kwamba yule bwana wa hoteli anachagua kwa masikio, ila macho hayafungi. Halafu akamtazama Derly mdomoni. Mpiga ngoma akacheka. Kwenye bendi wanamwita Derly Kibubu, kwa vile midomo yake ni myembamba kama tundu la kutumbukizia sarafu, na yeye hucheka nao, halafu anakwenda chooni kulia.

Basi huyo ndiye aliyelala pale. Na kabla hamjamwita mwoga, jueni alivyoteseka tangu asubuhi. Hakula. Alikwenda chooni mara tatu. Kila mtu alimwambia jambo moja: ni kitu kidogo tu. Dereva wa teksi, kitu kidogo tu. Msichana wa mapokezi, kitu kidogo tu. Nesi, huku akichomoa sindano ndefu kuliko kidole chake, kitu kidogo tu, unaingia saa ya chakula unatoka saa ya chakula. Kama ni kitu kidogo, Derly alijiuliza, mbona mmenisainisha karatasi nne?

Mara mbili alisimama aondoke. Mara mbili akakaa, kwa kuona aibu.

"Toka nje, dada," Daktari Ocampo akamwambia Yulieth. "Hapa ni pasafi."

"Sitoki. Derly, simama. Majaribio ni leo."

Derly akatikisa kichwa. Alitaka kusema Jumamosi. Mdomo ulifunguka, ulimi ukazunguka, kikatoka kitu kama mtu anayepumua ndani ya gunia, na mate yakamshuka kidevuni.

"Jumamosi imekufa," Yulieth akasema. "Bwana Justavino wa hoteli anapanda ndege kesho asubuhi. Leo, saa kumi kamili, ukumbini. Doña Miryam amekupigia mara kumi na moja."

Simu ya Derly ilikuwa kwenye kabati la kliniki, imezimwa. Ni amri ya nesi.

"Majaribio ya nini?" daktari akauliza.

"Ya tarumbeta."

Daktari Ocampo akaishusha sindano polepole akaiweka kwenye sinia. Huyu ni mwanamke ambaye humwita kila mteja malkia wangu na hajawahi kupandisha sauti. Leo aliipandisha.

"Tarumbeta? Hii ya kupuliza?"

"Kuna ya kukanyaga?"

Daktari akanyakua fomu. "Kazi: nimejiajiri." Akaisoma tena, kidole juu ya neno. "Nimejiajiri! Malkia wangu, mimi nikajua unauza vipodozi!"

Hapa, wasomaji wangu, nina ugomvi na mji wangu wote. Nani alitufundisha kuandika hivyo? Msusi anaandika nimejiajiri. Muuza maparachichi, nimejiajiri. Wakili aliyefukuzwa ofisini, nimejiajiri. Tunaogopa kodi, tunaogopa benki, tunaogopa kuulizwa, basi kila fomu tunaandika neno hilohilo hata hatufikiri. Derly aliliandika kama anavyoandika jina lake. Angeandika mpiga tarumbeta, asingefika kwenye kiti hicho.

"Sikiliza," daktari akasema. "Mdomo ukijazwa unavimba. Siku kumi huwezi kupuliza hata mshumaa wa keki. Mpiga tarumbeta mimi namwambia wiki tatu, na hata hapo simwahidi kitu. Kuna waliorudi wakakuta sauti yao si ileile."

Derly alikaa wima. Alianza kusema, na kila alichosema kilitoka bila mdomo. Maneno yalikuwa mengi na makali, na hakuna aliyeyaelewa hata moja. Akapiga kiti kwa ngumi. Nesi akampa ile kalamu nyeusi ya kuchorea midomo, na Derly akageuza mojawapo ya zile karatasi nne akaandika nyuma:

KARATASI YENU INASEMA NARUDI KAZINI SIKU HIYOHIYO.

"Kazini," daktari akasema. "Dukani. Ofisini. Kazi za watu."

YANGU SI YA MTU?

Daktari akavua glavu.

"Ganzi inaisha lini?" Yulieth akauliza.

"Ilidungwa saa saba na nusu. Inakaa saa mbili. Wengine tatu."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika ishirini. Hesabuni wenyewe. Kwa wenye bahati, saa tisa na nusu. Kwa wasio na bahati, saa kumi na nusu. Na Derly tangu lini ana bahati?

Akaandika tena, sasa herufi zinapasua karatasi. Akamwinulia Yulieth machoni.

WEWE ULIJUA. VOCHA NI YAKO.

Yulieth akasoma. Akasoma tena. Akaweka helmeti chini.

"Mimi?"

Derly akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu: ndiyo, wewe.

"Mimi nilimwokota mpiga piano. Nimempa chokoleti mpaka amepata chunusi, kamuulize. Derly, hebu tumia akili. Ningetaka kukumaliza si ningekaa zangu nyumbani? Saa kumi ningepanda jukwaani peke yangu, wewe umelala hapa umevimba. Nimekimbiza pikipiki kutoka ukumbini Obrero, nimekatiza taa nyekundu mbili, nimekuja kukuchukua. Na wewe unanichorea herufi kubwa."

Mnajua nini kinaudhi kuliko kuonewa? Kumshuku mtu wiki nzima, kumnunia, kumzungushia maneno kwa wenzake, halafu anakuja kukusaidia. Derly alikasirika zaidi. Alikasirika mpaka machozi yakatoka, na hakuweza hata kuyahisi yalipopita midomoni.

"Kwa hiyo ni nani?" nesi akauliza, maana na yeye alishasahau kazi.

Swali zuri. Wakatoka wote mpaka mapokezi.

Msichana wa mapokezi alikuwa anakula mkate wa jibini juu ya kompyuta. Jina lake Nasly. Alipoulizwa vocha ililipiwa na nani, aliifunga midomo yake, ambayo ilikuwa imejazwa vizuri sana, akatikisa kichwa.

"Ni rafiki wa siri. Siwezi."

"Nasly, dada yangu, tuna haraka."

"Hata mimi niko kwenye mchezo hapa ofisini. Mchezo ni mchezo. Nikimtaja wa kwenu leo, kesho mtu atakuja kuniuliza na wa kwetu."

"Amefanyiwa hila," Yulieth akasema. "Angalia hali yake."

Nasly akamwangalia Derly. Mate, machozi, wino mweusi kidevuni. Akatikisa kichwa tena, ila taratibu.

Yulieth akainama mezani. "Sawa. Jina usitaje. Yukoje?"

"Umbo si jina?"

"Umbo si jina. Hakuna sheria inayokataza umbo."

Nasly akafikiri. Na hapa nimshukuru Mungu kwa kutuumba wenye midomo mepesi, iwe imejazwa au haijajazwa.

"Ni bibi mfupi," akasema. "Nywele amezibana. Ana tepu ya kupimia shingoni, kama amesahau kuivua. Na mjeuri! Ananilipa huku ananiambia gauni langu limeshonwa vibaya begani, nilipeleke kwake alirekebishe."

Yulieth akamgeukia Derly.

"Halafu aliuliza jambo," Nasly akaendelea, sasa hashikiki. "Akataka kuongea na daktari msaidizi, yule wa Jumatatu. Akauliza, mtu akijazwa anaweza kupuliza tarumbeta? Msaidizi akamwambia hapana, wiki tatu. Nikajua basi, ataghairi. Wala! Akafungua pochi akalipa."

Derly alishika ukingo wa meza.

Katika Cali nzima kuna mafundi cherehani wengi wenye tepu shingoni. Anayeshona sare za Las Chontas, anayeokota kikaratasi kwenye kofia pamoja na wanamuziki kila Septemba, anayeweza kufungua kasha la tarumbeta la Derly bila mtu kushangaa, ni mmoja. Anaitwa Doña Aleida Bejarano. Ni mama yake mzazi.

"Twende," Yulieth akasema kwa sauti ndogo. "Utamuuliza hukohuko."

Barabara ya Tano ilikuwa imefungamana kuliko kawaida yake, hata pikipiki ikamaliza saa nzima humo. Yulieth alipita katikati ya magari huku akitukanwa na akijibu. Nyuma yake Derly alikuwa anaminya midomo, anaivuta, anaipiga vibao kwa vidole vya kulia. Alijaribu kuitetemesha, ile *brrr* ambayo mpiga tarumbeta huifanya hata akiwa usingizini. Hakuna. Hewa ilipita tu ikaenda zake.

"Kuna kitu?" Yulieth akapaza sauti.

Derly akampiga bega mara mbili. Hakuna.

"Endelea kusugua!"

Nasugua, mwanamke, unadhani nafanya nini huku nyuma? Hilo alilisema moyoni. Moyoni ndiko pekee alikoweza kusema kitu siku hiyo, na huko alisema mengi, ya kumwambia daktari, mpiga ngoma, Doña Miryam, na mengi kuliko yote ya kumwambia mama.

Saa tisa na dakika hamsini waliingia uani mwa ukumbi wa Obrero. Mama alikuwa kwenye korido, cherehani mbele yake, anapinda ukosi wa sare. Alinyanyua uso. Macho yake hayakwenda kwa machozi ya mwanawe, wala kwa wino. Yalikwenda mdomoni moja kwa moja.

"Mbona iko vilevile?" akasema.

Halafu akagundua alichokisema. Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani.

Derly alimsogelea. Aliandaa maneno njia nzima, na yalipofika mlangoni hayakupata pa kutokea. "U-i-jua," alisema. "A-a, u-ijua!"

Mtu mwingine asingeelewa. Mama alielewa.

"Nilijua," akasema. "Nilikuokota? Hapana. Nilimwokota mpiga besi, nikabadilishana kikaratasi na Doña Miryam, aliyekuwa na chako. Nilimuuliza yule daktari kama utaweza kupuliza. Akasema hapana. Nikalipa."

Yulieth, aliyesikia mengi maishani, aligeukia ukuta.

"Si ungemwambia tu asiende?" akauliza akiwa huko huko.

"Wewe mtoto wa watu, haya hayakuhusu."

Derly aliikamata ile sare kwenye cherehani akaitikisa mbele ya uso wa mama yake. Kwa nini? Mikono yake ndiyo iliyouliza. Kwa nini?

"Panama ni mbali."

Mbali! Saa moja na nusu kwa ndege! Watu wa Cali wanakwenda Buenaventura kuogelea wanatumia muda zaidi ya huo. Derly alionyesha kwa vidole, moja, na nusu. Mama akatazama cherehani.

"Nimesema ni mbali."

Na hapo ndipo nilipotaka mimi mwenyewe kuingia kwenye hadithi nikamtingishe yule mama. Unamnyang'anya mtoto midomo yake, unamnyang'anya kazi aliyoililia tangu ana miaka tisa, na sababu unayompa ni ramani? Derly aliiachia sare ikaanguka sakafuni. Alikuwa na hasira ya mtu anayewapigia simu wote anaowapenda na wote wanakata.

"Bejarano! Larrahondo!" Ilikuwa sauti ya Doña Miryam kutoka ndani. "Bwana ana dakika ishirini!"

Yulieth akaokota kasha lake.

"Mimi nitapiga kwanza," akamwambia Derly. "Utapata dakika kumi, labda ganzi itaachia. Ila usinielewe vibaya. Nitapiga kushinda. Mimi pia nina nyumba ya kulisha."

Derly akaitikia kwa kichwa. Hicho ndicho kitu cha kwanza cha haki alichoambiwa siku nzima.

Ukumbi ulikuwa na joto la kuungua. Bwana Justavino wa hoteli alikaa mstari wa mbele, shati la mikono mifupi, kalamu, feni ya mkono. Wenzao wa bendi walijipanga nyuma. Yulieth alipanda, akapiga kipande chote cha majaribio, na alipiga kweli. Kule juu kwenye noti ngumu aliteleza kidogo, akajirudi, akamaliza kwa mbwembwe. Bwana Justavino akaandika mstari mzima.

Nyuma ya pazia Derly alikuwa anasugua midomo kwa kiganja mpaka ikawa myekundu. Pembe ya kushoto ilianza kuwasha. Ya kulia, kimya. Katikati, pale ambapo tarumbeta hukaa, kimya kabisa.

"Anayefuata."

Alipanda. Akaweka tarumbeta mdomoni na hakujua kama imekaa au haijakaa. Ilimbidi aangalie kwa macho, kama mtu anayemvalisha mwingine. Akavuta pumzi. Akapuliza.

Ukatoka upepo.

Akapuliza tena. Upepo, na mlio mmoja mbaya katikati yake, halafu upepo.

"Kibubu kimetoboka," mpiga ngoma akasema huko nyuma, na wawili wakacheka.

Bwana Justavino akainua kalamu. Derly akanyoosha kidole kimoja, akaonyesha mdomo, akaonyesha saa. Alikuwa anaomba. Mbele ya watu wote, kwa vidole, kama bubu.

"Dakika moja?" bwana akauliza. "Unaumwa?"

"Ametoka kwa daktari," Yulieth akadakia kutoka pembeni. "Alidungwa ganzi. Mpe dakika moja, bwana. Mtu mtakayekuwa naye Panama mwaka mzima, dakika moja ni nini?"

Doña Miryam alimkodolea Yulieth macho kana kwamba amechanganyikiwa. Bwana Justavino akatazama saa yake ya mkononi.

"Moja."

Derly akaanza kujipiga mdomoni, vibao vidogo vidogo, kap kap kap, na kile kicheko cha nyuma kikarudi. Alijipiga kwa nguvu zaidi. Alikuwa anajiumiza na haimuumi.

Ndipo mtu akapanda ngazi za jukwaa. Mfupi, tepu shingoni.

Derly alirudi nyuma hatua moja. Doña Aleida hakusimama. Alimshika mwanawe kidevu kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono mwingine akaanza kuusugua mdomo wa juu, kutoka katikati kwenda pembeni, kutoka katikati kwenda pembeni, haraka, kama anayelainisha mshono. Derly alitaka kumsukuma. Tarumbeta ilikuwa mkononi, hakuweza.

"Wasikucheke," mama akasema. "Nilitaka usiende. Sikutaka wakucheke."

Derly akajaribu kugeuza uso.

"Tulia. Nina nusu dakika, nisikilize. Siyo umbali." Alisema kwa sauti ambayo mstari wa mbele haukuisikia. "Baba yako yuko Panama."

"Alikufa," Derly akasema.

Neno lilitoka zima. Wote wawili walilisikia, na hakuna aliyelifurahia. Chini ya kidole cha mama sasa Derly alihisi ngozi ngumu, vile vitobo vidogo vya miaka thelathini ya sindano, vinamkwaruza mdomoni.

"Nilikuambia alikufa," mama akasema. "Nilikuwa na mimba yako ya miezi miwili. Nilipanda ndege kutoka huko nikarudi kwetu bila kumuaga. Hajui kama ulizaliwa. Anakaa mitaa mitatu kutoka hoteli hiyo, na una macho yake, atakujua kabla hujafungua kasha."

"Dakika imekwisha," Bwana Justavino akasema. "Piga, binti, au shuka."

Mama akauondoa mkono. Hakushuka. Alibaki palepale jukwaani, mikono imening'inia, akimtazama mwanawe mdomoni.

Derly akaiweka tarumbeta. Safari hii aliihisi, baridi, imekaa mahali pake. Akavuta pumzi.